Nataka Yule Mama

Kwa miaka sita nilimwonea wivu mwanamke aliyenizidi umri kwa miaka thelathini, asiyekuwa na mshahara wala ofisi, na ambaye hakuwahi kunikosea hata siku moja. Wenzangu kazini hawalijui jambo hili. Ukimwonea mtu wivu kwa sababu ya gari lake, siku moja utanunua lako au utazoea kutembea. Mimi nilimwonea wivu kwa sababu watu wenye hofu walinipita mimi wakamkimbilia yeye. Hiyo haiuzwi dukani.

Tulimwita Mkalimani. Alikuwa na jina, na wengi tulilijua, lakini hata muuza nyanya wa soko la Migori alimwita hivyo. Kwa miaka mingi alikuwa ametafsiri mahakamani, Migori kwanza, halafu Homa Bay, halafu Migori tena, Dholuo na Kikuria kwenda Kiswahili na Kiingereza, mpaka umri wa kustaafu ukafika. Wakamfanyia sherehe, wakampa saa ya ukutani. Wiki iliyofuata alirudi asubuhi, akakaa kwenye benchi la korido pamoja na watu waliokuwa wakisubiri kesi zao, na hakuna aliyethubutu kumuuliza anangoja nini.

Alikuwa mrefu, mkavu, na miguu mikubwa aliyoivalisha viatu vya ngozi vya kiume kwa sababu, alisema, vya kike havitengenezwi kwa watu wanaosimama. Kitambaa chake cha kichwa alikikaza kana kwamba kuna upepo.

Mimi, kwa upande wangu, nilikuwa na diploma ya ushauri nasaha kutoka Kisumu, beji yenye picha, na meza katika shirika dogo lenye vyumba viwili nyuma ya kituo cha mafuta. Kazi yetu ni kuwasindikiza waathiriwa na mashahidi wa kesi za jinai. Tunaanza nao polisi, tunakwenda nao hospitali daktari awajazie fomu ya P3, ile ya polisi ya kuthibitisha majeraha, tunakaa nao kesi inapotajwa na inapoahirishwa, mpaka siku ya hukumu. Naipenda kazi hii. Nilidhani watu hao nao wangenipenda.

Siku moja nilikwenda kumpokea mwanamume kutoka Isebania, mbadilishaji pesa wa pale mpakani, mtu wa kifua kama mlango wa ghala. Majambazi walikuwa wamemvunja taya, na siku hiyo alikuwa atoe ushahidi. Kwa miezi mitano nilikuwa nimempigia simu kila wiki. Nilijua majina ya watoto wake wote. Tulipoingia uani mwa mahakama akasimama, jasho likimtoka shingoni.

"Madam," akasema, "wewe ni mtu mzuri. Lakini nataka yule mama."

"Mama gani?" nikamuuliza, ingawa nilijua.

"Yule mrefu. Ndugu yangu alikuwa na kesi hapa. Aliniambia nisiingie kama sijaongea na yeye."

Nilimwonyesha kwa kidole, nikabaki nimeshika faili. Mkalimani alisogea kwenye benchi, akamsalimia kwa Kikuria, yule mtu akakaa. Baada ya muda mfupi nilimsikia akicheka, na taya yake ile. Miezi mitano sikuwahi kumchekesha.

Kesi ilipoisha nilimuuliza, "Mama, ulimwambia nini?"

"Nilimuuliza amekula nini asubuhi. Akasema hajala. Nikamwambia wale waliomvunja taya pia hawajala, na wao hawarudi nyumbani jioni kula."

Usidhani alikuwa mtu mpole. Hapo ndipo wengi waliomjua mahakamani tu walipokosea. Mahali alipopanga chumba aligombana na jirani kuhusu kamba ya kuanikia nguo mpaka chifu akaitwa. Kanisani, kwenye kanisa la Wasabato la mtaa wetu, hakumsalimia mama mmoja wa kwaya kwa miaka kwa sababu mama huyo aliwahi kumwambia sauti yake ni nzito kama ya shemasi. Watoto wakicheza mpira karibu na mlango wake aliuchukua mpira akaukalia. Lakini mtu akiwa na samansi mkononi, samansi ya kuitwa kutoa ushahidi, Mkalimani huyo huyo aliweza kumsikiliza asubuhi nzima akieleza habari za ng'ombe wake bila kumkata.

Na kulikuwa na jambo asilolisikiliza kabisa. Shahidi akianza kumweleza yaliyotokea, siku ile, panga lile, mlango ule, Mkalimani aliziba masikio yake kwa viganja viwili kama mtoto.

"Hayo usiniambie mimi," alisema. "Mpelekee hakimu yakiwa bado moto."

Nakumbuka jambo hili kuliko mengine yote, na utaona kwa nini.

Siku moja kabla ya kesi, mchana, chumba cha mahakama kikiwa tupu, aliwaomba makarani ruhusa na kumwingiza shahidi ndani. Nilimfuata mara nyingi, nikijifanya nina shughuli. "Hapa atakaa hakimu," alisema. "Ni mtu. Akiwa anaandika, ngojea kalamu yake. Huyu atakayesimama hapa ni wakili wa upande ule. Kazi yake ni kukuuliza swali moja mara tatu. Wewe mjibu mara tatu, hakuna haja ya kukasirika. Na pale kizimbani atakuwa yeye." Hakumtaja mshtakiwa kwa jina, alisema "yeye" tu. Kisha alimchukua shahidi mpaka kwenye kizimba chenyewe. "Kiguse. Ni mbao. Nyumbani kwako una meza iliyo nzito kuliko hii."

Hakumwambia mtu yeyote asiogope. Mimi ndiye niliyewaambia, kila siku, kwa sauti laini niliyofundishwa: usiogope, usiogope. Yeye alisema, "Ogopa, lakini sema."

Nilijaribu kuwa yeye. Nasema haya nikiona haya. Alikuwa akija na bakuli la nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa, na kuwagawia watu kwenye benchi. Na mimi nikapika nyoyo, nikaweka kwenye bakuli zuri zaidi lenye kifuniko. Mashahidi walisema asante Madam, nimeshiba, kisha nikawaona wakichota kwenye bakuli lake. Nilinunua viatu vya kiume. Vikanichubua visigino.

Jumamosi hakufanya kazi yoyote, wala hakuzungumza habari za kesi, maana ni Sabato. Hapo nilidhani nimepata udhaifu wake. Mashahidi hawana Jumamosi, niliwaambia wenzangu ofisini. Hofu haijui siku. Kisha nikasikia kutoka kwa mwanamke mmoja aliyekwenda kugonga mlango wake Jumamosi asubuhi huku akilia, kwa sababu mtu aliyemdhulumu alikuwa ameachiliwa kwa dhamana. Mkalimani alimfungulia, akamkalisha, akampa chakula, akakaa kando yake mchana kutwa wasiongee neno. Jua lilipozama ndipo alipomgeukia akasema, "Haya. Sasa." Yule mwanamke aliniambia hakuwahi kukaa kimya na mtu vile maishani mwake. Alinieleza haya akiwa ofisini kwangu, kwenye kiti changu cha ushauri nasaha, karibu na sanduku langu la tishu.

Niongeze na habari ya Homa Bay. Kulikuwa na mkutano wa siku mbili kwenye hoteli moja karibu na ziwa, mahakimu, mawakili, polisi na sisi wa mashirika. Nilikuwa nimeandaa mada kuhusu haki za shahidi, na picha za kuonyesha ukutani. Niliisoma vizuri, wakapiga makofi ya kawaida. Baadaye mwenyekiti akamwona Mkalimani nyuma, akamwomba aseme lolote. Alisimama bila karatasi.

"Kulikuwa na msichana wa shule," akasema. "Ni zamani. Alieleza kwa Dholuo kila kitu alichofanyiwa, neno kwa neno, hakuficha. Mimi nilikuwa bado kijana, nimesimama katikati ya wanaume waliovaa suti. Nikaona haya kuyasema yale maneno kwa mdomo wangu. Nikasema kwa Kiswahili, 'Anasema huyu mtu alimfanyia tabia mbaya.' Hakimu akaandika tabia mbaya. Wakili akasimama akauliza, tabia mbaya ni nini? Ni kutukana? Ni kuiba? Yule mtu alirudi kwao. Msichana alikuwa amesema. Mimi ndiye sikusema."

Akakaa. Hakimu mmoja mwanamke alivua miwani, akaishika mapajani. Hakuna aliyepiga makofi, na ukimya ule ulikuwa mkubwa kuliko makofi yangu. Ndipo nilipoelewa kwa nini alirudi kwenye benchi baada ya kustaafu. Ningepaswa kumhurumia. Badala yake nilikaa nikitazama maji nje ya dirisha nikiwaza kwamba hata kosa lake ni kubwa na zuri kuliko mema yangu yote. Wivu ukifika hapo, umeshakuwa ugonjwa.

Sasa nifike kwa Akoth.

Akoth alikuwa mjane kutoka Karungu, mchuuzi wa samaki pale ufukweni. Mumewe alipokufa, shemeji yake alitaka ahame kwenye boma au akubali kurithiwa naye kama mke. Akoth alikataa yote mawili. Asubuhi moja shemeji alimshika begani kutoka nyuma, akamgeuza, akainua panga. Akoth aliinua mkono wa kushoto kujikinga, na vidole viwili vikaanguka kwenye beseni lake la omena, dagaa wa ziwani. Nilikuwa naye karibu tangu mwanzo. Nilimpeleka kwa daktari, nilimtafutia chumba Migori mjini, nilikaa naye kila kesi ilipotajwa. Mama mkwe wake alituma watu mara kwa mara na ujumbe ule ule: mambo ya boma yamalizwe bomani. Nami nilituma jibu. Moyoni nilisema, huyu ni wangu.

Kisha nikaitwa Homa Bay kwa mafunzo, na siku hiyo kesi yake ikatajwa nikiwa sipo. Niliporudi nilimkuta Akoth akiosha vyombo nje ya chumba chake, akiimba. Sikuwahi kumsikia akiimba.

"Nimepata mtu, Madam," akaniambia. "Yule mama. Anasema siku ya kusikizwa atakaa mahali nitamwona."

"Na mimi nitakaa," nikasema.

"Ndiyo, na wewe," akasema kwa adabu, akaendelea kuimba.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa nakunywa chai kwenye kibanda kilicho nje ya lango la mahakama pamoja na karani mmoja anayependa maneno. Mkalimani alipita. Karani akasema, "Huyu mama anawasaidia kweli hawa watu."

Nikajibu bila kumtazama, "Anawasaidia sana. Wengine wanasema anawafundisha mpaka la kusema."

"Wengine nani?"

"Wengine tu."

Hapakuwa na wengine. Nilikuwa peke yangu na kikombe changu. Nami nilikuwa nimemwona mara ngapi akiziba masikio!

Siku ya kusikizwa kwa kesi Akoth alivaa gauni la bluu alilopiga pasi mara mbili. Mkalimani alikaa benchi la tatu, karibu na ukuta, mahali walipokubaliana. Mimi nilikaa nyuma yake. Shemeji aliletwa, akaingia kizimbani. Akoth alipanda mahali pa shahidi. Kabla hajaapishwa, wakili wa utetezi akasimama.

"Mheshimiwa," akasema, "nina taarifa kwamba mmoja wa watu walioketi humu ana mazoea ya kuwafundisha mashahidi ushahidi wao. Naomba atoke nje."

Sikuwa na haja ya kuuliza taarifa hiyo ilitoka wapi. Nilikuwa nimelisema kibandani, juu ya chai, nikidhani maneno ni mvuke. Kiongozi wa mashtaka alipinga. Hakimu alifikiri kidogo, kisha akasema kwa upole kwamba hamtuhumu mtu yeyote, lakini ili kesi isije ikatiwa doa baadaye, "Mama, nakuomba usubiri nje."

Nilikuwa na muda wa kusimama. Sentensi moja ingetosha: Mheshimiwa, hiyo habari ni ya uongo, mimi ndiye niliyeianzisha. Nilikaa. Mkalimani aliinuka, akainamisha kichwa mbele ya hakimu kama alivyofanya miaka yote ya kazi yake, akatoka kwa viatu vyake vizito. Nilihesabu hatua zake mpaka mlangoni.

Akoth akaapa. Kiongozi wa mashtaka akamwomba aeleze alichokiona asubuhi ile. Akoth alitazama benchi la tatu. Kisha akanitazama mimi, nami nikamfanyia ishara zote nilizofundishwa, kutikisa kichwa, kutabasamu, kujigusa kifuani. Kisha akamtazama shemeji yake, aliyekuwa akimtazama tangu mwanzo. Nikauona mkono wake wa kushoto ukishuka polepole kutoka juu ya mbao mpaka ukajificha chini.

"Sikumbuki," akasema.

Akaulizwa tena. Akasema tena hakumbuki. Kesi ikaahirishwa wiki tatu, na kiongozi wa mashtaka akaniambia tukitoka kwamba mara ya pili ikiwa hivi, ataiondoa.

Mkalimani alikuwa amekaa nje ya lango, juu ya jiwe.

"Amesema?"

"Amesema hakumbuki."

Alifumba macho muda mrefu. Nilingoja aniulize. Hakuuliza.

"Basi hizo wiki tatu ni zako," akasema. "Mimi siwezi kumkaribia tena, watasema ni mimi nimemkumbusha. Sasa nisikilize. Wewe unamshika begani kila mnapotembea. Huoni anavyoshtuka? Yule mtu alimshika hapo. Usimguse. Halafu unaongea sana, nyathina. Akinyamaza unaogopa, unamjazia maneno. Muache anyamaze mpaka achoke mwenyewe. Na siku hiyo ukae pale nilipokaa. Usitabasamu. Hakuna kinachochekesha mle ndani. Kaa tu, akutazame."

Aliniita nyathina, mwanangu, akiwa amefukuzwa kwa sababu ya ulimi wangu. Unajua nilihisi nini? Nilihisi wivu. Kwamba aliona lile bega, na mimi kwa miezi yote ile sikuliona.

Nilifanya kama alivyoniambia. Wiki tatu nilikwenda kwa Akoth kila jioni, nikakaa kwenye kigoda, nikafunga mdomo. Siku za kwanza zilinitesa. Mama mkwe alikuja mwenyewe mara moja na kanga mpya na maneno matamu, akasema mwanawe atalipa ng'ombe, akasema aibu ni ya ukoo mzima. Akoth aliipokea kanga, akaikunja, akairudisha kwenye mfuko wa mama mkwe. Hakusema kitu. Na mimi, ambaye nilikuwa na majibu saba kichwani, sikusema kitu.

Siku ilipofika nilikaa benchi la tatu karibu na ukuta. Mkalimani alikuwa nje ya lango. Akoth alinitazama. Sikutikisa kichwa. Hakimu aliinua macho kutoka kwenye daftari lake. Kisha Akoth akaupandisha mkono wake wa kushoto, akauweka juu ya mbao, vidole vitatu vikaonekana na kila mtu, akaanza kusema.

Alisema kwa Dholuo, na mkalimani kijana aliyechukua ile kazi akatafsiri. Alisema mpaka kufika kwenye beseni. Wakili wa utetezi alimuuliza swali moja mara tatu.

"Ulimwonaje, ikiwa alikushika kutoka nyuma?"

"Alinigeuza."

"Lakini ulikuwa na hofu. Mtu mwenye hofu haoni vizuri. Una hakika ni huyu?"

"Nilikuwa na hofu, na ni huyu."

"Nakuuliza tena, una hakika?"

"Nimempikia miaka tisa," Akoth akasema. "Ukimpikia mtu miaka tisa unamjua hata kwa kivuli."

Miezi michache baadaye shemeji alihukumiwa kifungo. Akoth alirudi Karungu, siyo kwenye boma lile bali karibu na ufuo, na bado anachuuza. Lakini siku ile ya ushahidi, alipotoka chumbani, nilikuwa nimesimama mlangoni nimefungua mikono. Akanipita. Hakunipita kwa dharau, nadhani hakuniona. Alikwenda moja kwa moja mpaka langoni, kwenye lile jiwe, na Mkalimani akasogea kumpa nafasi.

Neno langu halikufa na kesi ile. Mawakili wengine walilisikia na kulitumia, maana ni neno jepesi kubeba. Ikawa kila Mkalimani akionekana chumbani mtu anasimama kulalamika, na kila mara anainamisha kichwa, anatoka. Mwisho akaacha kuingia kabisa. Alikaa kwenye jiwe mwaka mzima, jua na mvua. Halafu siku moja hakuwepo. Alikuwa amepigwa na kiharusi, na binti yake alikuja kumchukua kwenda naye Kendu Bay. Mashahidi waliendelea kuja na kuuliza, "Yule mama yuko wapi?" Nikawajibu amestaafu. Benchi likawa langu. Nyoyo yangu ikaliwa.

Ilinichukua miaka miwili kwenda Kendu Bay. Nilikwenda Jumapili moja ya mwaka huu, na unga wa wimbi kwenye mfuko. Binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, alinipokea bila maneno mengi akaniingiza ndani. Mkalimani alikuwa amekaa karibu na dirisha, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Ulimi ulikuwa mzito, lakini sauti ni ile ile.

Tuliulizana hali. Binti alileta chai, akatoka. Nikasema, "Mama, nimekuja kuomba msamaha. Kuna jambo dogo nilikukosea."

"Dogo lipi?"

"Yale maneno ya kortini. Yalienea vibaya."

"Maneno hayana miguu. Nani aliyasema?"

"Mimi."

"Ulisema nini?"

Nikaweka kikombe chini. "Nilimwambia karani kwamba unawafundisha mashahidi la kusema. Nilijua ni uongo. Nilisema kwa sababu Akoth alikutaka wewe. Wote walikutaka wewe."

Alitazama nje. Kuku alipita mlangoni, akasimama, akaondoka.

"Nilijua," akasema. "Karani aliniambia siku ile ile nilipotolewa, kabla hamjatoka."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Akoth alikuwa amebakiwa na mtu mmoja tu wa kuingia naye mle ndani. Ningegombana na wewe, angeingia na nani?"

"Na baadaye?"

"Baadaye nilikuwa na hasira." Alitafuta neno, likachelewa, akalingoja. "Bado ninayo. Nilikaa kwenye jiwe mwaka mzima, wewe ukinipita asubuhi na jioni, unaniambia 'Habari ya asubuhi, Mama.' Siwezi kukusamehe leo kwa sababu umeleta unga. Njoo Jumapili ijayo, tutaona. Kunywa chai, inapoa."

Nikanywa. Hatukuongea tena, na safari hii sikuujaza ukimya.

Binti yake alinisindikiza mpaka barabarani akiwa na kikapu, akielekea sokoni. Tulipofika mahali magari yanaposimama akaniuliza, "Amekwambia urudi?"

"Jumapili ijayo."

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Una bahati. Mimi nikimkosea ananyamaza mwezi mzima. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa mama yangu akiwa kortini Migori, amekaa na mtoto wa mtu. Siku mume wangu aliponifukuza nilimpigia simu. Akaniambia, 'Niko na shahidi, nitakupigia.' Mpaka leo. Na ninyi watu wake wa kortini mnakuja hapa kila mwezi, mnalia, mnanieleza jinsi alivyokaa nanyi." Akajifuta uso kwa mkono. "Nisamehe. Wewe ni mgeni."

Nilimtazama. Alikuwa akinitazama mimi, mfuko wangu mtupu, viatu vyangu, kama mtu anayetafuta kilichowekwa ndani yangu ambacho yeye hakupewa. Nilikuwa nimemtazama mama yake hivyo kwa miaka sita, na hakuna aliyewahi kunitazama mimi hivyo.

Gari la kwenda Homa Bay likaja, kondakta akiita kwa kelele. Nikampungia mkono aende.

"Hutaki kuondoka?" binti akauliza.

"Litakuja lingine," nikasema. "Siku hiyo uliyompigia simu, ulikuwa wapi?"

Alinitazama muda mrefu, na mimi nikangoja. Kisha akaweka kikapu chini, akakaa kwenye ukingo wa daraja dogo la mtaro.

"Nilikuwa Oyugis," akasema, "stendi, na mtoto mgongoni." Na akaanza kusema.